Hema la Juu ya Gari

Mke wa fundi cherehani alikuwa amekuja kwenye duka lile la mahema ya kufungwa juu ya magari kwa mara ya tatu, na goti lilishaanza kuwaka moto.

Mumewe alikuwa juu ya stuli, futi kamba mkononi, akipima paa la gari lao kubwa nje ya duka. Vipimo vya muuzaji hakuviamini. Alikuwa ameshapima mahema manne, magodoro yake, hata zipu.

"Baba watoto, chagua moja twende."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi naumia goti."

Hakusikia. Muuzaji akalifungua hema la kijani pale pale juu ya gari, ngazi ikateremka hadi chini.

"Mama, panda ujaribu godoro."

Akaishika ngazi. Akainua mguu wa kulia, ule uliopasuliwa goti mwaka jana. Ukagoma kabla ya kufika kipandio cha kwanza.

Mumewe alipiga magoti, akapima kutoka unyayo wa mkewe hadi kipandio. Akapima tena, polepole, kama mtu anayetumaini kitambaa kitaongezeka. Miaka thelathini alimshonea nguo bila kumpima. Vipimo vyake vyote alikuwa navyo kichwani. Hiki hakuwa nacho.

"Tutaweka kigoda," alisema bila kuinua uso.

"Na hivyo vipandio sita vya juu?"

Futi kamba ilijikunja chini. Mkewe akamgeukia muuzaji.

"Mwonyeshe hema la mtu mmoja."