Bampa ya Gari la Marehemu

Shemeji yake alipopitisha grenda, mashine ya kukatia chuma, kwenye bampa ya lile gari la porini, rangi nyeusi ilibanduka, na mjane akaona chuma cha kijani.

Kilikuwa chuma cha kitanda chao cha arusi. Marehemu mumewe alimwapia kwamba kimeliwa na kutu, wakalala mkekani mwaka mzima.

"Mwongo we!" mjane akamcheka marehemu, kidole kikiingia katika tundu la kamba ya chandarua. "Kumbe nililala chini ili gari lipate kifua!"

"Shemeji, tukiiuza hii kwa mnunuzi wa chuma chakavu, tunapata springi za mbele. Bila springi gari halipandi mlima. Nikate?"

Mjane alichomoa waya wa grenda ukutani. Kisha akaketi juu ya bampa, upande aliokuwa akilalia kitandani.