Kina Dalmari Arobaini na Mmoja

Wavulana arobaini na mmoja, wilaya moja, mwaka mmoja, wote wameitwa Dalmari. Mwaka uliotangulia walikuwa watatu. Nje ya wilaya hiyo, nchi nzima, hapakuwa na hata mmoja.

Mhadhiri alipoziona takwimu hizo aliinuka akafunga mlango wa ofisi yake, asije mwenzake akachungulia. Yeye ndiye mtaalamu wa majina pale chuoni, na uprofesa alikuwa ameusubiri miaka tisa. Kamati ilishamnyima mara mbili kwa kukosa utafiti wa maana. Safari hii alijua amepata.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye ofisi ya usajili wa vizazi: chumba kimoja, dirisha moja, benchi lililobonyea katikati kwa kukaliwa na kina baba, na tangazo ukutani lililosema FOMU YENYE NAFASI TUPU HAIPOKELEWI. Karani alikuwa mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Watu wote walimwita Miwani, kwa vile vioo vyake vinene. Hakujaliwa mke wala mtoto. Alijaliwa mihuri minne, na aliitunza vizuri.

Miwani alimtolea madaftari yote, akampa kiti kisichoyumba, akamletea chai. Siku ya tatu akajikohoza.

"Wengi wanaofika hapa huwa hawajaamua," alisema. "Huku mama mkwe anataka hili, kule shangazi anataka lile. Foleni nayo ndefu, na fomu haiwezi kubaki tupu."

Mhadhiri hakuliandika hilo. Alikuja kutafuta asili ya jina, hakuja kusikiliza malalamiko ya kazini. Akaomba daftari la Machi.

Halafu akawafuata wazazi majumbani. Wa kwanza alisema jina ni zuri tu. Wa pili, fundi cherehani, alitazama chini akasema kulibadilisha kunataka barua saba. Mama mmoja alitaka kumletea cheti cha mtoto akione; Mhadhiri akamwambia asijisumbue, daftari linatosha. Muuza mitumba ndiye aliyekuwa mkali. Alimwambia akaulize kulekule alikotoka, kisha akafunga mlango. Kwenye dodoso Mhadhiri aliandika: mhojiwa hakutoa ushirikiano.

Mwezi haujaisha, nadharia ikapatikana. Dalmari lilikuwa jina la ukoo wa wahunzi wa kifalme, lenye maana ya "aliyetumwa kabla ya mapambazuko". Lilivuka milima miaka mia tisa iliyopita, likazama, na sasa linafufuka kwa kuwa watu waliochoka huwakumbuka mashujaa wao. Palikuwa na ramani yenye mishale. Pale ushahidi ulipopungua, mishale iliongezeka.

Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye kwa kawaida husinzia kuanzia ukurasa wa pili, alikaa macho mpaka mshale wa mwisho. Uprofesa ukapita bila kupingwa. Redio zikamwita, naye akaenda zote.

Kichwa kilimvimba wakati mbaya, maana mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Kwao, tangu vizazi vinne, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Baba yake Profesa, seremala aliyeuza mashine yake ya randa ili kijana asome, alikuwa ameshatengeneza kitanda cha mtoto, na kwenye ubao wa kichwani amechonga jina lake mwenyewe kwa herufi za madoido. Alikuwa amekipiga msasa wiki nzima.

"Baba, usinielewe vibaya," Profesa alimwambia siku mtoto wa kiume alipozaliwa. "Jina lako limebeba mtu mmoja. Hili limebeba miaka mia tisa."

Mzee alikibeba kitanda begani, akarudi nacho kwake, na tangu siku hiyo hakupokea simu. Profesa aliumia, tena sana, lakini alijiambia kwamba historia ina gharama zake. Mkewe hakujiambia kitu kama hicho.

"Umemvunja mzee moyo kwa ajili ya mishale," alisema, akamgeuzia mgongo, akaendelea kunyonyesha.

Jumatatu Profesa alipanga foleni kama baba mwingine yeyote, suti imenyooka. Zamu yake ilipofika akaisukuma fomu dirishani. Miwani akaisoma, akamtazama, akaisoma tena.

"Jina hili umekuja nalo mwenyewe?" aliuliza. "Kutoka nyumbani?"

"Kutoka nyumbani."

"Hakuna aliyekushauri hapa dirishani?"

"Mzee wangu, mimi ndiye ninayewashauri wengine."

Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akafuta na macho. Profesa aliguswa kuona mtumishi wa kawaida tu akizidiwa na uzito wa historia. Mzee alijaza cheti taratibu kuliko siku zote, akagonga mihuri yote minne, ingawa miwili ingetosha, kisha akakitoa kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Profesa alisogea pembeni, akakisoma kuanzia juu, midomo ikicheza kwa furaha. Jina la mtoto: Dalmari. Jina la baba, lake, na cheo chake kipya mbele. Jina la mama. Akafika mstari wa chini kabisa, wino wake haujakauka.

Jina la karani aliyesajili: Dalmari.