Mkia wa Faili

Haya nilisimuliwa na binti yangu mdogo juzi mchana, karudi kutoka kazini, kakaa, hata viatu hajavua. Yeye ni karani wa mafaili hospitalini.

Kompyuta yao, wanayoiita Bibi, ni kuukuu na kumbukumbu yake ni ndogo. Tangu waibebeshe mafaili ya zahanati sita, inalemewa. Faili likiwa refu, hulisoma mpaka ijae, kisha huuacha mkia, wala haisemi kitu.

"Bibi yetu leo kaamka vizuri," alimtania daktari wa usingizi, akimpa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye faili la mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri kupasuliwa goti. Daktari akacheka, akaikunja, akaenda zake.

Binti yangu akabaki na nakala. Akaitazama chini kabisa. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu: *Asipewe*. Baada ya hapo, karatasi nyeupe.

Asipewe nini?

Alipanda ngazi mbio, akaugonga mlango wa chumba cha upasuaji kwa viganja vyote viwili.

"Dada, subiri, tuna mgonjwa!" nesi akajibu kutoka ndani.

"Msimchome! Karatasi imekatika!"

Alimsikia mwalimu akihesabu taratibu, kama waambiwavyo wanaochomwa dawa ya usingizi, utadhani anafundisha darasa la kwanza. Alifika saba. Nane hakuimaliza.