Swali la Mtoto

"Na mtoto utamwachia nani?" meneja aliyekuwa akinisaili aliniuliza, macho yake kifuani pangu.

Maziwa yalikuwa yamepenya. Doa lilianza dogo kama kifungo, sasa lilikuwa limetambaa hadi mfukoni mwa blauzi niliyoazima. Nilitaka kulifunika kwa faili, nikaacha.

"Anabaki na mama yangu," nikasema. "Hata nilipokuwa nasoma masomo ya jioni alibaki naye."

"Akiugua je? Uhasibu hautaki udhuru, dada yangu."

Kaka aliyesailiwa kabla yangu alikuwa amenionyesha picha ya mapacha wake wachanga tukiwa kwenye foleni. Alitoka humo akicheka: eti wamemuuliza hesabu kidogo, na timu anayoshabikia.

"Tunakuonea huruma tu," meneja akaongeza. "Nenda kalee kwanza."

Niliinuka. Alidhani naaga, akaninyoshea mkono. Nikauacha hewani, nikafungua mlango. Yule kaka bado alikuwa pale nje, anaongea na simu.

"Baba Mapacha," nikamwita, ofisi nzima ikageuka. "Hebu rudi ndani. Kuna swali wamesahau kukuuliza."