Sanduku la Kwendea Chuo

Seremala alilifunua sanduku kwa mbwembwe kama anayemfunua bibi arusi.

"La kwendea chuo hilo, mwanangu. Wenzako watakuja na mabegi ya nailoni!"

Binti akaugonga mfuniko kwa kidole, mazoea tu. Ubao ukaitika kwa sauti ndefu, safi. Sauti ile aliijua.

Zilikuwa mbao zake, alizoziweka darini juu ya jiko miaka yote ya sekondari, zikauke taratibu hadi zifae kuwa gitaa la kwanza kuundwa kwa mikono yake.

"Baba, mbao hizi umezitoa wapi?"

"Darini. Siku ile uliponiambia umekubali chuo, nikajua mambo ya magitaa yamekwisha." Akacheka, akakificha nyuma kidole gumba kilichofungwa kitambaa chenye damu. "Nimelipiga randa mwenyewe, mama. Lipapase."

Nje, gari likapiga honi. Kaka yake alikuwa ameshapakia godoro.

Akapapasa. Mfuniko ulikuwa laini kama shavu la mtoto, na bado mpana. Uso mmoja wa gitaa ungetoka, kama hakuna msumari katikati. Akautafuta msumari kwa vidole. Haukuwapo.

"Baba," alisema, machozi yakimdondoka juu ya ubao, "nipe msumeno."