Bundi Alivuka Mto

Jumatatu bundi alilia ng'ambo ya mto. Jumanne alikuwa amevuka.

Mokeira alimsikia akiwa anafunga ndama, jua limeshazama nyuma ya miti. Mlio mmoja mzito, kimya, halafu miwili ya haraka. Aliitupa kamba, akaingia nyumbani, ndama akabaki anazurura.

"Umemsikia?"

Nyabuto, mumewe, alikuwa kwenye kochi ameshika tumbo. "Mzee wa kanisa mzima nimwogope kuku wa porini? Leta chai."

Lakini chai hakuimaliza.

Huku Nyansiongo kila mtu anajua bundi anayelia karibu na boma lenye mgonjwa amekuja kufanya nini. Kanisani hawakubali kusema hivyo. Nyumbani hakuna anayebisha. Na Nyabuto alikuwa mgonjwa kweli. Ngiri ilimsumbua miaka mingi, na sasa daktari wa mjini Kisii amesema ipasuliwe Ijumaa, isichelewe, kwani utumbo ukijifunga humo ndani hakuna mchezo tena. Binti yao Persis, ambaye ni nesi, alishapanga kila kitu: kitanda, gari, hata blanketi.

Jumatano asubuhi Mokeira alishuka na maziwa hadi kwa Jigar. Huyu ni mtu wa makamo, wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vyuma mjini, aliyeomba kupiga hema kwenye kipande cha msitu kilichobaki chini ya shamba lao. Hupiga picha ndege wa msituni, wale wasiopenda kuonekana. Mtu mpole. Anaweza kukaa saa tatu chini ya wavu wa majani bila kukohoa.

"Bwakire, mama," alisalimia kwa Kikisii. "Mzee ameamkaje?"

"Mzee anaogopa, ila hasemi. Kuna bundi."

Jigar aliweka kikombe chini. "Bundi? Wapi hasa?"

Mokeira alinyoosha kidole kwenye michai, karibu kabisa na nyumba. Jana sauti ilikuwa mbali zaidi ya hapo, lakini alikuwa amelala nayo kichwani, nayo ikawa inasogea.

"Wewe unajua mambo ya ndege," alisema. "Ukimwona umfukuze, nakuomba."

"Nitamtafuta, mama. Akilia tena uniambie ni upande gani."

Mokeira alipanda kilima na moyo mwepesi kidogo. Angalau kuna mtu wa kusaidia.

Jioni ile bundi alilia katikati ya michai.

Nyabuto alikuwa anaombea chakula. Alinyamaza katikati ya sala, na amina hakuisema. Mokeira alifunga dirisha, akasukuma meza hadi mlangoni, kana kwamba bundi huja kwa miguu. Ugali ukapoa mbele yao.

"Kesho atakuwa nyuma ya jikoni," Nyabuto alisema.

Alhamisi Mokeira hakungoja kupambazuke vizuri. Alimkuta Jigar anakunja wavu wake, macho mekundu.

"Nyuma ya jikoni," alimwambia. "Kwenye ule mti mkubwa."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona." Hakujua tena ni kipi amekisikia kwa masikio na ni kipi ameambiwa na mumewe.

"Basi leo nitakuwa hapo kabla jua halijazama," Jigar alisema.

Na bundi akaja nyuma ya jikoni. Alilia mara tatu, karibu kiasi kwamba kuku walihamahama bandani. Nyabuto aliinuka polepole, akaenda chumbani, akarudi amevaa suti yake ya Sabato. Alimwonyesha mkewe hati ya shamba ilipo. Akamwonyesha kwa kidole, kupitia ukutani, mahali pa kuchimba.

Persis alipiga simu. "Baba, huyo ni ndege tu."

"Tangu lini umekuwa nesi wa ndege?"

"Baba, gari linakuja kesho saa mbili. Tafadhali."

"Likija lirudi. Sitaki kufia kwenye kitanda cha watu, halafu mnirudishe kama gunia la mahindi. Nimeitwa nikiwa kwangu. Nitaitikia nikiwa kwangu."

Gari lilikuja Ijumaa saa mbili. Dereva alipiga honi, akanywa chai, akarudi peke yake. Kufika jioni tumbo la mzee lilikuwa gumu kama ubao. Jumamosi, siku ya Sabato, watu wakiwa kanisani, akakata roho, mkewe amemshika mkono.

Jumapili Jigar alipita kuaga, hema mgongoni, pakiti ya sukari mkononi.

"Pole sana, mama. Pole kwa msiba."

Mokeira aliipokea sukari. Kwa adabu tu, maana mgeni akiondoka huulizwa habari za kazi yake, alimwuliza kama alimpata ndege wake.

"Hapana, mama. Tangu Jumatatu, kila jioni, nimemwekea mlio wa bundi kwenye spika ili aje ajibu. Kila mahali uliponionyesha nilikwenda nayo." Alitikisa kichwa. "Hajajibu hata mara moja. Huku hakuna bundi."