Maji ya Kumwosha Mzee

"Mimi nitamwosha. Wewe kama mwanawe, mimina tu," imamu alisema, akampa Ojakol kata iliyojaa maji.

Maiti ya baba yake ilikuwa imelazwa juu ya ubao, imefunikwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini. Hawakuwa wamesemezana tangu mzee aliposilimu na kujiunga na wanadhikri, wale wanaokesha wakimtaja Mungu, wa Malaba, miaka tisa sasa. Ojakol aliusubiri uchungu, lakini haukuja.

"Mimi ni Mkatoliki. Sijui hizi mambo zenu."

"Ni kumimina tu, boss. Mzee alikuwa anatuambia maji hayana kiburi, yanatafuta pale chini kabisa."

"Basi hiyo kiburi yote aliniachia mimi."

Imamu alicheka kidogo, akangoja.

Ojakol akamimina.

"Anza kulia."

Maji yaliteremka bega la kulia, yakatuama kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, yakatetemeka hapo. Aliyatazama hadi yakamwagika. Alichota mara ya pili na ya tatu bila kuhisi chochote, hata baridi ya maji yaliyokuwa yakiingia viatuni mwake.

"Tatu. Imetosha," imamu alisema, akanyoosha mkono apokee kata.

Ojakol akachota tena.